Kipimo cha pumzi kimesoma 0.09, mdogo wangu ana kesi Massachusetts. Kinapingika au tunajidanganya?

dada_mkubwa_TZ

Wadau habari za saa hizi. Naomba mnisaidie bila kunihukumu maana nyumbani nimeshahukumiwa vya kutosha utafikiri usukani nilishika mimi.

Mdogo wangu wa kiume anasoma Massachusetts, yuko kwa viza ya uanafunzi. Mwezi uliopita alikuwa Lowell kwenye bethdei ya mwenzake, wakati wa kurudi akasimamishwa na polisi saa saba na dakika kumi usiku, polisi anasema gari ilikanyaga mstari wa pembeni mara mbili. Kaulizwa umekunywa, kwa ujinga wake kajibu "kidogo". Katembezwa kwenye mstari ile hatua tisa kwenda tisa kurudi, kapuliza kale kamashine ka mkononi palepale barabarani, pingu, kituoni. Kituoni wakampa fomu asaini, akasaini, akapuliza mashine kubwa mara mbili ilikuwa kama saa nane na dakika ishirini hivi. Moja ikasoma 0.10 nyingine 0.09, wakaandika 0.09. Kikomo ni 0.08 (ni asilimia ya pombe kwenye damu). Leseni wakamchukulia siku 30 hapohapo kabla hata ya kuonana na jaji.

Ameshasomewa mashtaka, amekana, kesi inarudi wiki tatu zijazo. Mahakama imempa wakili lakini wameongea dakika chache kwenye korido basi.

Sasa huku kwenye grupu la WhatsApp kila mtu wakili. Kuna mmoja katuma voisi noti anasema mashine zote za Massachusetts zilishatupwa na mahakama mwaka 2023 kwa hiyo asihangaike, kesi itafutwa yenyewe. Mwingine anasema hapana akubali tu kitu kinaitwa CWOF, anakaa mwaka mmoja bila matatizo kesi inafungwa na haihesabiki kama kosa. Mama anataka tuchague moja tumtumie dogo jibu. Halafu dogo ana kiungulia cha miaka mingi anameza dawa kila siku, nimesoma sehemu kwamba kiungulia kinaharibu kipimo. Nani anasema kweli hapa?

---

Kamau_wa_Rongai

Woi pole sana dadangu. Hapa kwetu Kenya tulishapitia hii maneno na Alcoblow, kale kamashine ka polisi ka kupima pombe kwenye pumzi. Zile kanuni za 2011 ziliweka kikomo cha maikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, ukipita hapo unalala ndani, sasa wenye baa wakaenda kortini na 2017 Korti ya Rufaa ikasema kanuni zinagongana na sheria mama, kwa sababu kifungu cha 44 cha sheria ya trafiki kinataka serikali ionyeshe ulikuwa umelewa mpaka huwezi kumudu gari, si namba peke yake. Mwambie wakili alete hiyo argument, ni tamu sana.

---

hakuna_kuchekeana

Alikunywa hakunywa? Alikunywa. Mashine imesoma imesoma. Tunazika watu kila Desemba halafu tunakuja huku kutafuta kichaka. Angepanda Uber.

---

dada_mkubwa_TZ

@hakuna_kuchekeana ndugu yangu nimeshamwambia hayo yote na zaidi, kwa sauti kubwa kuliko yako. Sasa hivi swali ni lingine.

---

mkalimani_wa_korti

Dada pole. Mimi nakalimani Kiswahili kwenye mahakama za huku Massachusetts, si wakili, na sitakwambia dogo afanye nini, ila hiyo voisi noti naijua imezunguka kuanzia Lowell mpaka Worcester na inaumiza watu kwa sababu ina ukweli nusu.

Ukweli wenyewe ni huu. Mashine ya kituoni huku ni Alcotest 9510 ya kampuni ya Dräger ya Ujerumani, walianza kuitumia 2011. Kuna ofisi moja ya jimbo ndo inazikagua zote na kuzipa cheti kila mwaka. Mawakili wakaanza kuuliza, nyie mnazikagua kwa utaratibu upi, tuonyesheni maandishi. Mwanzoni mwa 2017 jaji akasema kwa kipindi cha kati ya 2012 na 2014 ofisi haikuwa hata na utaratibu ulioandikwa, kwa hiyo vipimo vya kipindi hicho havina uhakika. Hapo ilionekana kama imeisha. Haikuisha, mwaka huohuo ikagundulika kumbe ile ofisi ilikuwa na mamia ya karatasi zinazoonyesha mashine zilifeli ukaguzi, na haikuwapa mawakili pamoja na kwamba walitakiwa wapewe. Mkuu wa ofisi akafukuzwa kazi. Yaani mashine kufeli kunasameheka, kuficha karatasi ndo kuliwaua.

Aprili 2023 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikatoa uamuzi mkubwa, vipimo vyote vya Alcotest 9510 kuanzia tarehe 1 Juni 2011 mpaka tarehe 18 Aprili 2019 haviwezi kutumika kumtia mtu hatiani, watu kama 27,000 wanaguswa. Umeona hiyo tarehe ya mwisho? 2019. Baada ya hapo ofisi ilibanwa itafute ithibati kama maabara nyingine za uchunguzi, iandike taratibu zake, na rekodi za kila mashine ziwekwe mtandaoni mawakili wazione. Mashine zikaruhusiwa tena. Mdogo wako kapuliza mwezi uliopita. Uamuzi wa 2023 haumgusi hata kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo kusubiri kesi "ifutwe yenyewe" ni kujiua. Nimeshakaa pembeni ya vijana wawili watatu wanamwambia jaji "lakini mashine zilitupwa" na mimi nalazimika kutafsiri hivyohivyo na jaji ananiangalia mimi.

@Kamau hiyo ya Kenya haivuki bahari kaka. Sheria ya huku ina milango miwili, serikali inaweza kuthibitisha kwamba uwezo wako wa kuendesha kwa usalama ulipungua kwa pombe, AU inathibitisha 0.08 na kuendelea, basi, hata kama ulikuwa unaendesha kama uko kwenye mtihani wa leseni. Wakikosa mlango mmoja wanaingilia mwingine. Kwa hiyo hata namba ikitupwa nje bado polisi atasimama aseme harufu, macho mekundu, alikanyaga mstari, alikosea hatua. Kesi haifi, inadhoofika.

---

fundi_wa_maabara_NJ

Naingia hapa kwa sababu vipimo ndo ugali wangu, nafanya kazi maabara (si ya polisi) New Jersey. Niseme tu mapema mimi sina huruma na wanaokunywa na kuendesha ila namba mbovu inaniudhi zaidi, namba mbovu inamfunga asiye na kosa na kumwachia mwenye kosa siku hiyohiyo.

Mashine haipimi damu. Inapima pumzi halafu inapiga hesabu kwa kudhani kwamba pombe iliyo kwenye mililita 2100 za pumzi ni sawa na iliyo kwenye mililita 1 ya damu. Hiyo 2100 ni makubaliano ya wataalamu, watu wengi wako juu yake (kwao mashine inasoma pungufu, wanapendelewa) na wachache wako chini yake (kwao inasoma zaidi). Ukiwa na homa, joto la mwili likipanda digrii moja ya selisiasi namba inapanda karibu asilimia 6 na nusu. Ukibana pumzi kabla ya kupuliza inapanda pia. Ndo maana nauliza, dogo alikuwa na mafua au homa siku ile? Si swali la kipuuzi.

Sasa kiungulia. Mawakili wa mitandaoni wanakipenda sana. Wazo lenyewe ni kwamba mvuke wa pombe unapanda kutoka tumboni mpaka kinywani na mashine inadhani umetoka mapafuni. Inatokea, ndo maana ipo kanuni ya kumwangalia mtu dakika 15 mfululizo kabla hajapuliza, asile asinywe asitapike, na akicheua saa inaanza upya. Lakini pombe ya kinywani inashuka haraka sana, kwa hiyo ukipuliza mara mbili kwa kupishana dakika kadhaa namba zinatakiwa ziachane kwa mbali. Huku Massachusetts zikiachana zaidi ya 0.02 kipimo hakikubaliki. Za dogo ni 0.10 na 0.09. Zimekaa karibu mno. Kwa hiyo kiungulia peke yake naona ni hoja nyepesi, msiitegemee, ila barua ya daktari itafuteni kwa sababu ikikutana na video inayoonyesha polisi hakumwangalia inapata miguu.

Na hapo kwenye video ndo pana kesi. Zile dakika 15, ni nani alikuwa anamwangalia? Mara nyingi askari ni mmoja, huyohuyo anaandika ripoti, anachukua alama za vidole, anapokea simu, anaandaa mashine, mgongo wake uko kwa mtuhumiwa. Kwenye fomu anaandika "nilimwangalia dakika 15". Kamera ya chumba cha mahabusu haina rafiki. Vituo vingi rekodi zinafutika zenyewe baada ya muda, kwa hiyo wakili aandike barua ya kuomba isifutwe LEO si wiki tatu zijazo.

Nikupe na hesabu kidogo. Mashine katikati ya zile pumzi mbili inajipima yenyewe kwa gesi ambayo kiwango chake kinajulikana, 0.08, na kwa kanuni za Mass jibu linatakiwa liangukie kati ya 0.074 na 0.086. Maana yake mashine inayosoma juu kwa asilimia 7 na kitu bado inafaulu. Ukigawa 0.09 kwa hiyo unapata kama 0.084, bado umezidi. Weka na digrii moja ya homa unapata kama 0.079. Umeona? Lakini na upande wa pili upo, namba ya tatu baada ya nukta inakatwa, kwa hiyo 0.09 ya kwenye karatasi inaweza kuwa 0.090 na inaweza kuwa 0.099. Ndo maana kila kitu kiko kwenye karatasi za mashine ILE, serial namba ile, mwezi ule. Gesi ilisoma ngapi usiku ule, cheti chake cha mwaka kiko hai, aliyeiendesha ana cheti cha kuiendesha au alikuwa anasaidia tu, ilipelekwa matengenezo lini na kwa nini. Huku kwetu New Jersey 2018 mahakama ya juu ilitupa vipimo zaidi ya 20,000 kwa sababu sajenti mmoja wakati wa kukagua mashine aliruka hatua ya kupima joto kwa kipimajoto kilichothibitishwa. Mashine zenyewe huenda zilikuwa nzima kabisa! Ila hatua ilirukwa na akaandika kwamba aliifanya.

Na kile kidude cha barabarani sahau, huku Massachusetts hakiingii kama ushahidi kwenye kesi yenyewe, kinamsaidia polisi tu kuamua akukamate au la.

---

dada_mkubwa_TZ

Jamani asanteni. Nimempigia dogo sasa hivi. Anasema hakuwa na homa ila alikuwa anacheua sana kwa sababu walikula nyama choma na soda, na hakumbuki mtu kumwangalia, anakumbuka askari alikuwa kwenye kompyuta na kuna wakati alitoka nje ya chumba kufuata karatasi kwenye printa. Sijui kama anasema kweli au ameshasoma hapa 😅 maana nilimtumia linki kabla ya kumpigia.

Halafu @fundi kuna mtu kanambia kwamba alisimamishwa saa saba na kupuliza saa nane na ushee kwa hiyo pombe ilikuwa bado inapanda, wakati anaendesha alikuwa chini ya 0.08. Hiyo vipi?

---

fundi_wa_maabara_NJ

Kisayansi inawezekana kabisa, ukinywa glasi ya mwisho ukiwa unatoka mlangoni pombe inaendelea kupanda nusu saa mpaka saa nzima au zaidi, hasa kama umekula. Ila sijui mahakama za huko zinaichukuliaje. Na mwambie dogo aache kusoma hapa kabla ya kusimulia, aandike anachokumbuka kwa mkono wake ampe wakili, asitutumie sisi.

---

mkalimani_wa_korti

Hiyo ya kupanda huku ni ngumu. Mahakama ya jimbo 2007 ilishasema kipimo kikichukuliwa ndani ya saa tatu tangu uendeshe kinatosha, serikali haihitaji kuleta mtaalamu wa kurudisha hesabu nyuma. Wakili anaweza bado kuisema mbele ya juri (wale raia wanaoamua kesi), haijakatazwa, ila usiifanye nguzo.

Na nyingine ambayo watu wanaipenda ni "mleteni fundi aliyekagua mashine aje nimhoji". Nayo imeshafungwa tangu 2011, karatasi za ukaguzi wa mashine zinaingia bila fundi kuja. Ndo maana nakubaliana na fundi wa hapo juu, nguvu iko kwenye kusoma hizo karatasi kabla ya siku ya kesi, mstari kwa mstari, na kuomba mahakama ikitoe kipimo nje kabla kesi haijaanza. Ukisubiri mpaka juri limekaa na limeshasikia 0.09 umechelewa.

Kuna kitu kimoja zaidi nauliza, je waliposema naye kituoni walimwambia ana haki ya kupimwa na daktari wake mwenyewe kwa gharama yake, na kupiga simu? Sheria ya huku inasema lazima waambiwe. Wengi wanasomewa fomu kwa kasi kama tangazo la mwisho wa dawa kwenye redio, wanasaini. Kama Kiingereza chake si kizuri wakili ajue.

---

dada_mkubwa_TZ

Kiingereza anacho, shida yake ni ubongo. Nitamuuliza. Vipi kuhusu CWOF? Mama ameshaipenda hiyo, ameambiwa "inafutika".

---

Bi_Zuhura_makaratasi

Dada simama hapohapo. Mimi nasaidia ofisi ya wakili wa uhamiaji na nimevumilia kusoma mpaka hapa lakini hili la CWOF limenitoa.

Nakueleza inavyoenda. Kwa kosa la kwanza huku wanakupa hiyo, unakiri mbele ya jaji kwamba ushahidi uliopo unatosha kukutia hatiani, jaji anaiweka kesi kiporo bila kuandika hatia, unakaa mwaka mmoja chini ya uangalizi, unahudhuria darasa la pombe wiki 16, unalipa ada zao, leseni inakaa siku 45 mpaka 90 (unaweza kuomba ile ya saa 12 kwa siku kwa ajili ya kazi au shule). Mwaka ukiisha salama kesi inafutwa. Kwa Mmarekani ni dili nzuri. KWA MGENI serikali ya shirikisho haiangalii jimbo linaitaje. Sheria ya uhamiaji inasema ukikiri mambo yanayotosha kukutia hatiani na jaji akakuwekea masharti ya aina yoyote, hiyo ni hatia. Imefutwa jimboni, kwa uhamiaji ipo mpaka kesho. Nimeona watu wanajaza fomu ya uraia wanaandika "sijawahi" kwa sababu waliambiwa imefutika, sasa hapo kosa la pombe linageuka kosa la kudanganya serikali, ambalo ni baya zaidi.

Sasa usipaniki. Kosa moja la kulewa na kuendesha, bila mtoto kwenye gari bila mtu kuumia, kwa kawaida peke yake halimfukuzi mtu nchini. Mahakama Kuu ya Marekani 2004 ilishasema kulewa na kuendesha hata ukaumiza mtu kwa uzembe si kosa la ukatili kwa maana ya sheria ya uhamiaji. Yakiwa MAWILI mambo yanabadilika, tangu 2019 hatia mbili ndani ya kile kipindi cha miaka wanachokichunguza zinakufanya uhesabiwe huna mwenendo mwema, ule unaotakiwa kwenye maombi kama ya uraia, mpaka uthibitishe vinginevyo. Na Massachusetts wanakumbuka kosa lako la kwanza maisha yako yote, hata miaka 20 ikipita la pili linahesabiwa la pili.

Lakini kwa mwanafunzi kuna lingine watu hawalijui. Viza ile iliyobandikwa kwenye pasipoti, tangu 2015 wizara ya mambo ya nje ya Marekani inaweza kuifuta kwa KUKAMATWA tu, hata kesi haijasikilizwa. Anaweza kupata barua pepe kwamba viza imefutwa. Hiyo peke yake kwa kawaida haimaanishi yuko nchini kinyume cha sheria leo, maadamu shule inamwandikisha na anasoma, ila wakili wa uhamiaji ahakikishe. Ila akipanda ndege kuja Dar kwenye arusi yako hawezi kurudi mpaka aombe upya ubalozini, na watamtuma kwa daktari wao ahojiwe kuhusu pombe. Kwa hiyo mwambie ASISAFIRI kabla hajaongea na wakili wa uhamiaji. Mama asimwite nyumbani "apumzike kidogo", ndo watakuwa wamemrudisha moja kwa moja.

Wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia athari za uhamiaji kabla hajakiri chochote, hiyo ni Mahakama Kuu 2010. Na mawakili wa umma wa Massachusetts wana kitengo chao cha kushauri mambo ya uhamiaji, wakili wa dogo anaweza kuwapigia bure. Dogo aseme kwa mdomo wake: mimi si raia, niko kwa viza ya uanafunzi, naomba ushauri wa uhamiaji kabla sijakubali chochote. Ukikaa kimya wanadhani wewe ni wa hapa.

Na ndo maana kwake kupigania kipimo kuna maana kuliko kwa mwenzake raia. Kipimo kikiyumba, mwendesha mashtaka anaanza kusikiliza, anaweza kukubali kosa dogo la kuendesha ovyo badala ya hili.

---

hakuna_kuchekeana

Sawa nimeelewa sasa kwa nini mnaulizia, ila bado angepanda Uber.

---

mkalimani_wa_korti

Bi Zuhura ameongea. Niongeze kidogo tu kwamba huku unaweza kuchagua jaji peke yake bila juri, na gazeti la Boston Globe 2011 liliandika kwamba majaji wakisikiliza peke yao kesi hizi wanaachia zaidi ya asilimia 80. Kulikuwa na kelele sana. Hiyo haimaanishi dogo ataachiwa, kuna majaji na majaji, na wakili wa pale ndo anajua nani anakaa siku ipi. Lakini isimfanye aogope kwenda kwenye kesi kama karatasi zinaruhusu.

---

mzee_wa_Dracut

Mimi huwa nasoma tu siandiki. Naomba kuuliza mkalimani hapo juu, hizo tarehe ulizotaja, 2011 mpaka 2019. Mimi nilikamatwa 2014 nikapuliza, ikasoma 0.11 nikakiri siku ileile wakili aliponiambia na namba hii hatuna pa kwenda. Sikupigana hata kidogo. Nina grinkadi, nimekuwa naogopa kuomba uraia miaka yote hii kwa sababu ya hilo na jingine la zamani la mwaka 2003 New Hampshire. Je ni mimi huyo unayemsema kati ya hao 27,000 au kwa kuwa nilikiri mwenyewe imenipita?

---

mkalimani_wa_korti

Mzee wangu shikamoo. Kukiri hakukutoi kwenye kundi. Mahakama ilisema aliyekiri na aliyehukumiwa baada ya kesi wote, kama kipimo cha kipindi hicho kilikuwa sehemu ya ushahidi, wanapewa moja kwa moja kwamba serikali ilitenda vibaya sana, huna haja ya kuthibitisha hilo tena. Ila haijifuti. Lazima uombe mahakamani kuondoa kukiri kwako, na kazi inayobaki ni kuonyesha kwamba ungejua ukweli wa zile mashine kuna uwezekano wa kweli usingekiri. Ulivyoandika hapo, "wakili aliniambia na namba hii hatuna pa kwenda", hayo ndo maneno wanayotaka kuyasikia kwa kiapo. Kama wakili yule yupo bado naye aandike.

Swali ni lilikuwa na nini kingine kwenye ripoti. Kama uligonga mti ukalala kwenye usukani, itakuwa ngumu. Kama ilikuwa taa ya nyuma imeungua na namba, ni tofauti.

---

mzee_wa_Dracut

Marahaba mwanangu. Taa ya nyuma haikuwaka kweli. Sikugonga kitu.

---

Bi_Zuhura_makaratasi

Mzee usiwasilishe fomu yoyote ya uraia kwanza. Na usisafiri. Nenda kwa karani wa mahakama uliyohukumiwa, omba nakala ya kesi nzima ya 2014 yenye muhuri pamoja na ripoti ya polisi na karatasi ya kipimo, angalia juu yake imeandikwa mashine gani, iwe 9510, maana ile ya zamani 7110 bado ilikuwepo baadhi ya vituo mwanzoni. Kisha ofisi ya mawakili wa umma, waambie ni maombi yanayotokana na uamuzi wa vipimo wa 2023, ukiwa huna uwezo wanaweza kukupa wakili. Ya New Hampshire ni jimbo jingine, hiyo ibebe kwa wakili wa uhamiaji na karatasi zake zote. Ya 2014 ikiondoka unabaki na moja, na kwa kuwa zote ni za zamani wakili huyo ndo akwambie kama bado zinakuzuia.

---

dada_mkubwa_TZ

Dogo ameongea na wakili leo mchana. Barua ya video imekwenda, na wakili anasema hakujua kama dogo si raia, hakuna aliyemwambia!! Mama bado anauliza kwa nini asikubali CWOF, nimemsomea alichoandika Bi Zuhura mara mbili, sasa anasema basi mtumie huyo Bi Zuhura namba yangu. @Bi_Zuhura nakuomba radhi kwa simu utakayopigiwa.

---

Bi_Zuhura_makaratasi

Mpe. Ila apige baada ya saa kumi na moja za huku, kabla ya hapo niko kazini.